Serikali na Kopo la Mafuta

Jina la Serikali alipewa na madereva wa magari ya wagonjwa, kwa sababu akishasema amesema, na hakuna aliyewahi kumsikia akijibu "sijui." Alikuwa mhudumu wa usafi katika chumba cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, na alikaa katika chumba hicho kimoja miaka ishirini na sita. Elimu yake ilikuwa darasa la saba. Lakini alilimaliza enzi ambazo mtu wa darasa la saba aliandika barua moja kwa moja bila kufutafuta, si kama hawa wa sasa wenye vyeti vya kujaza sanduku, ambao ukiwaambia waandike "klorini imekwisha" wanauliza kwanza kalamu iko wapi.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba kama ukumbi wa kupitia tu. Visanduku vya joto vitano upande wa dirisha, vitano upande wa ukuta, sinki moja mlangoni, meza ya wauguzi katikati. Ndani ya kila kisanduku kulikuwa na mtoto wa kuenea kiganjani, mrija puani, kofia ya soksi kichwani. Serikali aliwapitia wote kila asubuhi kwa macho kabla hajashika dekio, naye alijua nani amenyonya na nani amekataa kabla muuguzi hajafungua faili.

Watu wazima ndio hakuwavumilia. Alisimama na ndoo yake pembeni akiwatazama wanavyonawa, na moyoni alimpa kila mmoja cheti chake. Daktari mkuu alinawa kama anayenyunyizia maua: ncha za vidole, tone moja, kwisha, na saa yake ya dhahabu mkononi wala haiguswi. Wanafunzi wa udaktari walinawa vizuri mno, mpaka kwenye viwiko, halafu wakatoa simu mfukoni wakaanza kuzisugua kwa vidole hivyohivyo. "Nyie mnasomea nini?" aliwauliza siku moja. "Udaktari, mama." "Wa mbuzi au wa watu?" Wakacheka. Yeye hakucheka.

Wauguzi wake tu ndio aliowapa heshima, na heshima hiyo aliihesabu kuwa kazi yake mwenyewe. Hospitali ilikuwa ikiletewa sabuni ya madumu, ya kijani, kali ya kuchubua. Muuguzi akinawa mara thelathini kwa siku, jioni ngozi ya vidole imepasuka inavuja damu. Na mtu anayevuja damu vidoleni hanawi. Anapitisha mikono chini ya bomba ili aonekane. Serikali aliliona hilo zamani kabla ya mkubwa yeyote kuliona, akatafuta dawa yake. Alichemsha maji, akachanganya na mafuta ya mgando na gliserini, akapigapiga kwa mwiko mpaka ikawa krimu nyeupe laini kama malai. Akaijaza katika kopo kubwa la maziwa ya unga, akaliweka juu ya meza ya wauguzi. Ukishanawa, unachovya vidole viwili, unajipaka, unarudi kwa mtoto.

Mapishi hayo alifundishwa na matroni wa zamani, mwanamke wa sauti nene aliyestaafu kitambo, na pamoja na mapishi alipewa amri: kopo lisifike chini. Muuguzi asije akachovya akagusa bati. Basi kila Jumatatu Serikali alipika mafuta mapya akayamimina juu ya yaliyobaki. Wauguzi wakanawa bila kulalamika. Mikono yao ikawa laini kama ya maharusi, na mgeni akisifu, Serikali alijibu bila kugeuka, "Hapa hatufanyi kazi kienyeji."

Kisha watoto wakaanza kuugua.

Wa kwanza alikuwa pacha wa mshonaji. Huyu mshonaji alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache, aliyejifungua mapacha miezi miwili na nusu kabla ya wakati wao. Yule pacha wa kike alikuwa akiendelea vizuri, halafu asubuhi moja tumbo likajaa kama ngoma, rangi ikawa ya majivu. Akapewa dawa. Akapewa dawa ya pili. Ikaletwa ya tatu, ile inayofungiwa kabatini na ufunguo anao mfamasia peke yake, nayo ikapita mwilini kama maji ya bomba. Siku ya nne mtoto akafariki. Wiki tatu baadaye walikuwa wameugua watoto sita na kufariki watatu, na maabara wakaleta jibu: kijidudu ni kilekile kwa wote, tena kile sugu, kilichokwisha kuzizoea dawa kikazidharau.

Ndipo ikaundwa kamati. Watu tisa, na katika hao tisa hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukamua dekio. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza bango. Bango lilikuwa na picha ya daktari mkuu akitabasamu, mikono imejaa povu, saa ya dhahabu imo ndani ya povu. Likabandikwa juu ya sinki.

"Zuri?" aliuliza daktari mkuu.

"Umetoka vizuri," alisema Serikali. "Saa nayo imetoka."

Kazi yao ya pili ilikuwa kupaka ukuta rangi. Watoto wote wagonjwa isipokuwa mmoja walikuwa upande wa ukuta, basi kamati ikaamua ukuta una unyevu. Mafundi wakaja na ngazi, wakapaka, na watoto wakaendelea kuugua wakiwa na ukuta mpya.

Ikabidi aitwe mtaalamu kutoka hospitali kubwa. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mpole wa kuudhi, na kazi yake ilikuwa kufuta vitu kwa vijiti vyenye pamba nchani, kila kijiti anakitia katika kichupa chake, kichupa kinakwenda maabara. Serikali alimbatiza Bwana Pamba siku ya kwanza kabla hajamaliza kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Viatu."

Akavua viatu, akavaa vya humo ndani. Alifuta bomba, akafuta vitasa, mizani ya kupimia watoto, simu za wauguzi, mpaka magurudumu ya visanduku. Serikali alimfuata nyuma na kitambaa akifuta kila alipogusa. Alipofika kwenye meza ya wauguzi akainua kijiti juu ya kopo.

"Na hiki, mama?"

"Hicho ni changu. Nakipika mwenyewe, kwa maji ya kuchemka. Wewe na pamba yako nenda ukafute saa ya mkubwa wenu."

Bwana Pamba akaomba radhi, akapita. Ni watu wapole wanaoharibu dunia, maana hawakubishii hata pale unapostahili kubishiwa.

Majibu yalikuja Jumatatu. Kwenye simu kulikuwa na uchafu wa kutisha, lakini kile kijidudu chenyewe hakikuonekana popote. Daktari mkuu aliingia chumbani saa nne asubuhi akasimama mbele ya akina mama waliokaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, blauzi imefunikwa juu yake.

"Vifaa vyetu ni safi," alisema. "Kwa hiyo uchafu unatoka nje. Nyie mnalala bwenini, mnakaa sakafuni, mnaingia nao humu. Ijumaa kamati inapitisha: chumba hiki kitakuwa cha wahudumu tu. Maziwa mtakamua nje, yataingizwa kwa dirisha."

Aliyejibu alikuwa mshonaji. Yeye alikuwa na pacha wa pili kifuani, wa kiume, gramu mia tisa na kitu. Kisanduku chake kilikuwa kibovu, mara joto linapanda mara linashuka, na kwa mwezi mzima mtoto huyo alikuwa akiishi kwa joto la mama yake.

"Daktari, na huyu atakaa wapi?"

"Kisanduku kitatengenezwa."

"Lini?"

"Mama, vijidudu havina subira."

"Nimekuuliza fundi anakuja lini. Vijidudu sijavitaja."

Daktari mkuu alitazama saa yake akaondoka. Sista wa zamu alimvuta Serikali pembeni, sauti chini. "Ukimtoa yule kwenye kifua cha mama yake, wiki haimalizi."

"Najua. Unaniambia mimi?"

Lakini mshonaji alikuwa amekwisha kumgeukia. Hakuwa na machozi, na kwa hilo Serikali alimpa alama, maana wenye kulia alikwisha kuwaona wa kutosha. "Mama, wewe uko humu miaka mingi. Unaona kila kitu. Ni sisi kweli? Yule wa kwanza nilimuua mimi?"

"Wewe mshonaji, mikono yako naijua. Unanawa kuliko waliosomea. Kaa hapo na mwanao. Kabla ya Ijumaa nitakwambia ni nani."

Ilikuwa ahadi ya majivuno, na aliitoa mbele ya chumba kizima.

Jumanne yote alitembea na ndoo akiwatazama watu kama askari forodha. Alimkamata mwanafunzi mmoja amevaa pete, akamtoa nje. Mwingine akamnusa kucha. Kila aliyeingia alikuwa mhalifu mpaka aonyeshe vinginevyo. Jioni hakuwa na kitu.

Jumatano mchana muuguzi mmoja wa upande wa ukuta alikwenda kunawa. Alinawa kama anayepigwa picha: viganja, katikati ya vidole, vidole gumba, mpaka kwenye kiwiko. Serikali alimtazama kwa kuridhika. Yule akakausha mikono kwa karatasi, akachovya kopo vidole viwili, akajipaka, akafungua kisanduku cha tatu akamshika mtoto.

Serikali alikuwa amekiona kitendo hicho mara elfu nyingi, na mara zote alikiona kama mtu anavyoona nyumba aliyoijenga. Safari hii dekio lilimsimama mkononi. Baada ya maji na sabuni, kabla ya mtoto, kulikuwa na kitu kimoja tu katikati.

Hakutaka. Akatafuta njia ya kutoka. Kwa nini basi upande wa ukuta? Kopo liko katikati, linachovywa na wote. Na kumbukumbu yake, ambayo alikuwa akiwatambia nayo watu miaka yote, ikamjibu bila huruma: halichovywi na wote. Upande wa dirisha unahudumiwa na yule wanayemwita Mzio, anayewashwa na kila kitu; mafuta ya kopo yalimtoa vipele mwaka wake wa kwanza, tangu hapo hayagusi, mikono yake ni kama gome. Na yule mtoto mmoja wa dirishani aliyeugua? Ilikuwa wiki ile Mzio alipokwenda msibani kwao, akashikiwa zamu na wa ukutani.

Aliweka ndoo chini. Akachukua kijiko cha chuma, akasubiri muuguzi ageuke, akakizamisha kwenye kopo mpaka kikagonga bati. Juu palikuwa peupe laini. Chini, kijiko kilitoka na kitu cha majimaji, cha manjano, kimechachuka, kinanuka kama kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa kwenye kona. Aliwaza lini mara ya mwisho aliona sehemu ya chini ya kopo lile. Hakukumbuka. Yeye, ambaye alikuwa akikumbuka hata gauni alilovaa matroni siku ya kustaafu. Kila Jumatatu alikuwa akivipelekea vijidudu chakula kipya, cha moto, kwa mikono yake, na kuwatukana wengine.

Sasa, mtu mwenye akili ya kawaida angefanya lililo rahisi. Sinki liko pale. Kumwaga, kusugua kopo kwa klorini, kunyamaza. Ugonjwa unakata wenyewe, na nani atajua? Serikali alilifikiria hilo, tena alilifikiria vizuri, maana hakuwa malaika. Lakini aliona na mbele yake. Ijumaa akina mama wangetolewa. Ugonjwa ungekoma wiki ileile, na daktari mkuu angepiga picha ya bango la pili: nilisema ni wao. Mshonaji angebaki nje ya dirisha na chupa ya maziwa, akiamini ameua mmoja, na yule wa pili angepoa taratibu ndani ya kisanduku kibovu. Kusema hivyo si kwamba aliwapenda watu. Hakuvumilia tu kuona bango la pili.

Akafunga kopo, akalibeba kwapani mpaka ofisi ndogo aliyopewa Bwana Pamba.

"Toa pamba yako."

"Lakini mama, si ulisema..."

"Nilisema. Na wewe ulinisikiliza kwa nini? Wewe ndiye uliyesoma! Mwanamke mzee mwenye ndoo anakwambia pita, nawe unapita? Futa hapa chini, siyo juu. Chini!"

Akafuta. Akakifunga kichupa upesi, maana harufu alikuwa ameisikia. Majibu yangechukua siku mbili. Serikali alirudi chumbani akawaambia wauguzi kopo limechukuliwa kupimwa, na asimame mtu anayetaka kuuliza. Hakuna aliyesimama.

Ijumaa asubuhi kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano, wote tisa, maji ya chupa mbele ya kila mmoja. Serikali hakualikwa. Aliingia na dekio lake akasimama ukutani, na kwa kuwa watu hawamwoni mwenye dekio, hakuna aliyemuuliza. Daktari mkuu alizungumza kuhusu nidhamu ya jamii. Alizungumza dakika ishirini. Kisha Bwana Pamba akasimama na karatasi.

"Chanzo kimepatikana," alisema. "Kijidudu chenyewe, kilekile. Kilikuwa katika chombo cha pamoja cha mafuta ya kupaka mikono. Kila mwenye kunawa alikuwa akikichukua upya. Napendekeza kila muuguzi awe na mafuta yake, na sabuni ibadilishwe. Kuwatoa akina mama hakuna sababu." Akakaa. Jina hakutaja, alikusudia kulipitisha jambo polepole, kwa wema wake uleule.

Daktari mkuu aliinua kichwa. "Chombo cha pamoja cha nani? Kimeingizwa na hao akina mama?"

Bwana Pamba alianza kukohoa, na Serikali aliona kwamba kikohozi kile kinaweza kupita, na jambo likazama, na lawama ikaenda palepale ilipokuwa ikienda tangu mwanzo.

"Changu," alisema.

Vichwa tisa viligeuka kutafuta sauti ukutani.

"Kopo ni langu. Nilikuwa naongezea juu bila kumwaga ya chini. Miaka. Akina mama hawajawahi kuligusa, wamekatazwa, nimewakataza mimi."

Uso wa daktari mkuu ulifunguka kama wa mtu aliyeletewa zawadi. "Mama, mama. Unaona sasa? Haya mambo yana elimu yake. Huwezi kuchemshachemsha vitu tu kwa sababu umekaa siku nyingi. Elimu yako ni...?"

"Darasa la saba, daktari."

"Sasa."

"Na wewe ya kwako ni kubwa, naiona kwenye bango. Ulikuwa ukipita kila Jumanne ukichovya vidole viwili na saa yako. Ukasema, mafuta mazuri haya, mama. Hukuuliza ya lini."

Mtu mmoja wa kamati alipaliwa na maji. Daktari mkuu akasema ajenda inayofuata, na kwa kuwa ajenda ilikuwa moja tu, wakainuka.

Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwenye viti vya plastiki. Mshonaji alikuwa palepale, pacha kifuani.

"Hamtoki," alimwambia. "Na lile uliloniuliza, jibu lake ni mimi. Mafuta ya wauguzi, yalikuwa yamevunda, nilikuwa napika mimi. Siyo wewe."

Mkono wa mshonaji ulimfunika mtoto mgongoni, vidole vimetanda.

"Ulituambia tunanuka," alisema. "Wiki ya kwanza. Ulinifanya nioge mara mbili kabla ya kumshika. Nilikuwa na mshono, nikaoga maji baridi mara mbili kwa sababu umesema wewe."

"Nilisema."

"Ondoka mbele yangu."

Serikali aliondoka. Miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyemwambia maneno hayo akabaki na meno ya kusemea, na safari hii alikwenda kama alivyoagizwa.

Kopo lilichomwa kwenye tanuri la taka. Sabuni ilibadilishwa, wauguzi wakapewa kila mmoja kikopo chake cha mafuta, na tangu hapo hakuugua mtoto mwingine. Serikali alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa dobi, chumba cha mvuke na mashuka nyuma ya jengo. Wenzake huko walimpa pole. Aliwaambia pole wampe mwenye kuihitaji. Bango jipya lilitoka pia, "Kamati Yashinda Vijidudu," na picha ileile. Alipoletewa habari akasema angalau wasingerudia picha, watu watadhani mkubwa hana shati lingine. Lakini usemi wake wa dharau ulikuwa umebadilika kidogo. Zamani ulikuwa ukienda upande mmoja. Sasa mara nyingine, akiwa anakunja mashuka peke yake, wenzake walimsikia akijisema mwenyewe kwa sauti, maneno makali kuliko yote aliyowahi kumpa mwanafunzi yeyote, halafu anaendelea kukunja.

Pacha alifika kilo moja na gramu mia nane baada ya wiki saba. Njia ya kwenda getini ilipita mbele ya dirisha la dobi. Mshonaji alipita saa tano asubuhi, mtoto amefungwa kifuani, begi la nguo begani, mumewe mbele na karatasi za kuruhusiwa. Alimwona Serikali dirishani, na Serikali alimwona. Hakupunguza mwendo. Hakumwamkia, wala hakuinama kama vijana wanavyowainamia wakubwa; alinyoosha shingo akapita.

"Yule si ndiye mwenye mtoto uliyemwokoa?" aliuliza mwenzake wa dobi. "Hata shikamoo? Watu hawana shukrani."

"Wewe nyamaza," alisema Serikali. "Angeniamkia ningemdharau."